Kabla ya kumkaririsha mtoto 'fiddle', mwonyesheni orutu

Majuzi nilialikwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, niketi nyuma ya darasa lake la Gredi ya 8 katika kaunti ya Homa Bay, upande wa Mbita, nione anavyofunza. Shule yake sitaitaja, wala yeye sitamtaja, kwa kuwa ninayotaka kuyasema hayamhusu yeye peke yake. Yananihusu hata mimi.

Kabla ya kipindi kuanza alinikabidhi rundo la madaftari ya insha. "Japuonj, hebu pitia haya tukingoja kengele," aliniambia. Mada ilikuwa ile ile tuliyoandikia sisi enzi zetu: siku ambayo sitaisahau. Nilifungua daftari la kwanza. Mwandishi aliamka asubuhi na mapema, jua linang'aa, ndege wanaimba mitini, na yeye mwenyewe alikuwa 'as fit as a fiddle'. Daftari la pili, jua lile lile, ndege wale wale, na fiddle ile ile. La tano, mwandishi alikuwa hoi kitandani kwa malaria, ila kufikia aya ya pili tayari alikuwa fit as a fiddle, kabla hata hajafikishwa hospitalini. Nilipitia madaftari 20. Fiddle ilikuwamo katika 13.

Kipindi kilipoanza niliomba ruhusa niulize swali moja, na niliuliza kwa Kiswahili ili lugha isiwe kizuizi. "Fiddle ni nini?"

Kimya. Mvulana mmoja wa mbele akajaribu: "Ni mtu mwenye nguvu, Mwalimu." Mwingine akamkatiza, "Zii, ni mnyama. Ni kama farasi hivi." Msichana wa dirishani akasema ni mashine. Mwalimu wao alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Nikawauliza, "Nani hapa amewahi kuona orutu ikipigwa?" Mikono ikainuka, karibu yote. Mmoja alisema babu yake alikuwa nayo nyumbani, yenye uzi mmoja, na upinde wake. Nikawaambia: basi fiddle ni ndugu ya orutu. Ni ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Ukisema mtu ni fit as a fiddle unamaanisha kwamba yuko sawa mwilini, kama ala iliyokazwa vizuri, tayari kupigwa.

Darasa zima likasema "Aaaa!" Ile aaa ya mtu aliyeonyeshwa kwamba kitu alichokitafuta siku nzima kilikuwa mfukoni mwake.

Nimeifikiria aaa hiyo tangu siku hiyo. Watoto hawa wametoka katika jamii iliyoipa Kenya orutu. Wamekariri neno la Kiingereza la ala ya namna hiyo, wameliandika mara nyingi na kupewa alama kwalo, na hakuna aliyewaambia ni nini. Wamelibeba neno kama mzigo wa mwenyewe: wanaufikisha unakokwenda, hawajui mna nini ndani.

Hoja yangu leo ni hii. Katika madarasa yetu ya Kiingereza ya Sekondari Msingi, kazi za kusoma na kazi za kuandika zimetenganishwa kwa ukuta. Mwanafunzi anasoma bila kuelewa na bado anapata alama. Kisha anaandika bila kusema kitu na bado anapata alama. Akifanya kinyume chake, yaani akielewa na akasema kitu, mara nyingi ndipo anapokosa alama. Na haya si ya Homa Bay pekee. Nimeichagua Homa Bay, na jirani yake Migori, kwa kuwa ndiko nilikoyaona kwa macho yangu.

Tuanze na kusoma. Kipindi hicho wanafunzi walipewa kifungu cha ufahamu chenye aya nne, kisha maswali manane. Kila mtoto aliinamisha kichwa na kuanza kuwinda. Sisemi kusoma, nasema kuwinda. Jicho linatua kwenye swali, linachukua neno moja kubwa, linarudi kwenye kifungu kulitafuta neno lile lile, likilipata mkono unanakili sentensi nzima. Kazi imekwisha.

Msomaji mpendwa, usidhani natia chumvi. Hebu jibu maswali yangu haya. Kifungu chenyewe ni sentensi moja: "Jana jioni mdokori alikifyorota kibanzuru chake penye ndegule." Swali la kwanza: nani alikifyorota kibanzuru? Swali la pili: alikifyorota wapi? Swali la tatu: alikifyorota lini?

Umepata tatu juu ya tatu. Hongera. Lakini mdokori ni nani? Hujui. Mimi pia sijui, nimemzua sasa hivi. Sarufi imekupa majibu yote bila ya maana hata moja. Hivyo ndivyo mtoto anavyoweza kupita katika kazi za ufahamu mwaka baada ya mwaka, alama zake nzuri, na siku akikutana na barua ya benki au maelezo ya dawa anabaki kuuliza jirani.

Katika maswali yale manane niliyoyaona, saba yalikuwa ya aina ya mdokori. La nane lilimtaka mwanafunzi aseme angefanya nini kama angekuwa yeye mhusika. Hilo ndilo lililokuwa swali. Wengi waliliacha wazi kwa sababu jibu lake halikuwamo kwenye kifungu.

Sasa tuje kwenye kuandika. Mle katika rundo la madaftari nilikuta insha mbili ambazo nimeomba nizizungumzie hapa, na nimeruhusiwa.

Ya kwanza ni ya mvulana. Siku asiyoisahau ni siku ya ajali. Basi lilipinduka mara saba. Damu ilitiririka kama mto. Watu walilia wakasaga meno. Mwandishi alizimia, alipofumbua macho akajikuta amezungukwa na wauguzi waliovaa meupe kama malaika, na katika sentensi ya mwisho, kumbe ilikuwa ndoto. Kuna misemo 11 ya kukariri katika kurasa mbili. Mwalimu ameipigia kila mmoja mstari na alama ya vyema. Chini ameandika kiwango cha juu kabisa: Kuzidisha Matarajio.

Ya pili ni ya msichana. Haina jua wala ndege. Inaanza ufuoni alfajiri, mama yake akinunua omena kutoka kwa wavuvi waliokesha ziwani na taa zao. Wanazianika kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Mchana wingu linatokea upande wa ziwa. Jirani anapiga kelele, "Koth biro!" yaani mvua inakuja. Wanakimbia, wanakusanya, lakini mvua inafika kwanza. Msichana anaandika kwamba mama yake hakulia. Aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, akawa anahesabu kwa vidole, anafika kidole cha nne anaanza upya. Kisha inakuja sentensi ambayo sikuitarajia katika daftari la Gredi ya 8. Kiingereza chake kilikuwa na kosa la wakati, lakini maana yake ni hii: mvua haikujua kwamba hivyo vilikuwa viatu vyangu.

Chini ya "Koth biro" kulikuwa na mstari mwekundu: hakuna lugha ya mama katika insha. Chini ya sentensi ya viatu kulikuwa na mistari miwili, na ukingoni mwalimu aliandika kwamba omena si viatu, fafanua. Mwishoni aliandika kwamba insha haina tamathali za usemi. Kiwango: Kukaribia Matarajio.

Nilimwuliza, "Matarajio ya nani?"

Hebu tuzisome insha hizi mbili kama wahakiki, si kama wasahihishaji. Insha ya ajali ina misemo 11, lakini hakuna mahali hata pamoja ambapo mwandishi ametazama kitu. Basi halina rangi, halina jina, halikuwa likienda mji wowote. Ukimbadilisha mwandishi, insha haibadiliki. Angeweza kuwa mtoto wa Nyeri au wa Garissa, na kwa kweli naamini yupo mtoto Nyeri na mwingine Garissa ambao wameiandika insha hiyo hiyo. Hata ile ndoto ya mwisho ni mlango wa kutorokea: aliyejenga jambo asiloliweza hulifuta kwa kusema halikutokea.

Insha ya omena, kwa upande wake, mwalimu anasema haina tamathali. Je, kusema kwamba omena zilikuwa viatu si tamathali? Ni sitiari, tena sitiari iliyobeba hesabu nzima ya nyumba ile: samaki watauzwa, pesa itapatikana, viatu vitanunuliwa. Kwa kuvuka hatua zote hizo, mtoto ametupa mshtuko ule ule alioupata yeye mvua ilipoanguka. Na vile vidole vinavyoanza upya kila vikifika cha nne vinatuambia huzuni ya mama kuliko mito yote ya damu. Huyu mtoto hakuambiwa na mtu aandike hivyo. Alikuwapo, akatazama, akaandika.

Kwa hiyo mwalimu alikuwa na sitiari hai mbele yake na hakuitambua, kwa kuwa alikuwa akitafuta zile zilizomo katika orodha.

Nasema hivi bila ya kumcheka. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu niliwapa wanafunzi wangu kurasa nne za misemo, nikawaambia atakayekuja Jumatatu bila ya kuzikariri asiingie darasani. Waliokariri walifaulu. Nilipongezwa. Kuna mmoja aliyewahi kuniandikia insha kuhusu kaka yake aliyekwenda kuchimba dhahabu Macalder akarudi mtu mwingine, haongei. Nilimpa alama 18 juu ya 40, nikamwandikia: "Pamba lugha yako." Hakuwahi tena kuniandikia jambo la kweli. Alipamba. Alama zake zikapanda, nami nikadhani nimemsaidia.

Na sisi wa Kiswahili tusiwacheke wenzetu wa Kiingereza. Nani kati yetu hajasahihisha insha ambamo mtu anakodoa macho mithili ya fundi wa saa aliyepoteza nati? Ni watoto wangapi wa leo wamemwona fundi wa saa? Nani hajasoma kuhusu majogoo yaliyowika, umande uliotanda, na waledi wa lugha walioamba? Ugonjwa ni mmoja, dawa ni moja. Tofauti ni kwamba Kiingereza kimepewa vipindi vitano kwa wiki na Kiswahili vinne, hivyo Kiingereza kinaugua kwa muda mrefu kidogo.

Ugonjwa huu una historia. Kwa miaka mingi, mtihani wa KCPE ulimpa mtoto dakika 40 aandike insha ya alama 40. Katika dakika hizo, insha iliyokaririwa ni bima. Msahihishaji mwenye mamia ya karatasi anatafuta alama za kuhesabika, na msemo unahesabika. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mfumo mpya umekuja na maneno mazuri: kusoma kwa kina, kusoma kwa mapana, ubunifu, fikra tunduizi. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo walifanya mtihani wa Gredi ya 9 mwaka wa 2025. Lakini mitihani ya muhula katika shule nyingi inanunuliwa ikiwa tayari imechapishwa, na mwongozo wa kusahihisha unakuja nayo. KCPE tumeizika, tabia zake tumebaki nazo.

Mwalimu yule wa Mbita aliniambia waziwazi. "Japuonj, mimi nafahamu unachosema. Lakini nikimpa huyu wa omena kiwango cha juu, mzazi wa yule mwingine atakuja kuniuliza idioms ziko wapi. Na nina madaftari zaidi ya 60. Nitasoma kila sentensi saa ngapi?" Hayo ni maswali halali. Mhakiki anayekaa mbali na chaki hana budi kuyajibu, la sivyo anyamaze.

Kuna pia pingamizi kubwa zaidi. Wengine watasema: unataka mtoto wa ziwani aandike kuhusu samaki tu? Si ndio kumfungia palepale alipo? Kiingereza tunamfunza ili aifikie dunia. Nami nakubali kabisa kwamba mtoto wa Homa Bay ana haki ya fiddle, ya theluji na ya London. Sikuwaambia wanafunzi wale waifute fiddle waandike orutu. Niliwaambia kwamba orutu ndiyo njia ya kuifikia fiddle. Anayeijua moja ataijua ya pili, na siku akiisikia ikipigwa popote duniani atasema, kumbe ni ya kwetu yenye nyuzi nyingi. Aliyekariri jina tu hatatambua kitu.

Ndiyo maana nilifurahi sana wiki iliyofuata nilipovuka kwenda Migori. Huko, katika eneo la Nyatike, kuna mwalimu wa Kiingereza wa Gredi ya 7 ambaye niliambiwa na wenzake, kwa sauti ya kulalamika kidogo, kwamba "yeye huwapeleka watoto kutazama mawe." Nilimtafuta.

Mawe yenyewe ni Thimlich Ohinga, ile makazi ya kale yaliyozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila ya udongo wala saruji, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Wanafunzi wake walikuwa wamesoma kifungu cha Kiingereza kuhusu ngome ya Ulaya, yenye mfalme na askari. Badala ya maswali ya mdokori, aliwapa swali moja: je, Thimlich Ohinga ni ngome kama hii? Kisha akawapeleka wakaone, wakarudi kuandika aya moja. Aya moja tu, si kurasa mbili.

Alinieleza kilichotokea. Darasa liligawanyika juu ya neno. Kuna waliosema ni 'fort', kwa sababu kuta ni nene na mlango ni mwembamba. Wengine wakakataa: fort ni ya askari, na hapa waliishi watu na ng'ombe wao. Mmoja akasema ni 'wall' tu. Mwingine akasema ukiita wall umesahau walioishi ndani. Ilibidi warudi kwenye kile kifungu cha mfalme na askari, wakakisoma tena kwa makini, neno kwa neno, kuona mwandishi alimaanisha nini kwa ngome. Hapakuwa na aliyewalazimisha. Walikuwa na ugomvi wa kumaliza. Mwishowe wengi walichagua neno la boma, 'homestead', na wachache wakabaki na fort yao, kila mmoja na sababu zake ameziandika.

Hapo ukuta kati ya kusoma na kuandika umeanguka. Walisoma ili waandike, wakaandika na ikawalazimu wasome tena. Na Dholuo, ambayo katika darasa lile la kwanza ilipigwa mstari mwekundu, hapa ilifanya kazi kama mwalimu msaidizi, kwani mabishano yote yalianzia kwenye maana ya ohinga.

Kuhusu mstari ule mwekundu, kuna jambo halinipi usingizi. Riwaya ya Margaret Ogola, The River and the Source, iliyochapishwa 1994, imewahi kutahiniwa katika KCSE. Ndani yake mna neno la Dholuo, chik, yaani desturi na sheria za jamii, na tunawafunza wanafunzi wa sekondari kulisifu: tazameni jinsi mwandishi anavyotia ladha ya utamaduni. Grace Ogot aliandika kwa Kiingereza na kwa Dholuo pia. Miaha yake ilitoka 1983 kwa Dholuo. Basi neno la mama ni sanaa likiandikwa na Ogola, na ni kosa likiandikwa na msichana wa Gredi ya 8? Nitakubali kwamba mtoto afunzwe lini alitumie, na namna ya kumsaidia msomaji asiyelijua. Huyu wa omena alifanya hivyo hasa: aliweka "Koth biro" kinywani mwa jirani, palepale panapostahili, na sentensi iliyofuata ikaeleza kwamba watu walikimbilia nyavu. Hata asiyejua Dholuo anaelewa. Hilo ni jambo ambalo baadhi ya waandishi waliochapishwa hawaliwezi.

Mwalimu wa Nyatike ana kanuni nyingine mbili ambazo naziona zinafaa kuigwa kuliko semina nyingi. Ya kwanza: kila msemo unaotaka kuutumia, nionyeshe umeuona wapi au unichoree. Ukishindwa, utoe. Nilimwuliza kama watoto hawachoki. Alinijibu, "Mwanzo walilalamika sana. Sasa wanaoneana. Mmoja akiandika butterflies in my stomach, jirani yake anamwuliza, wewe uliwahi kuzisikia?" Wengine huonyesha kwamba waliwahi kusikia kitu tumboni siku ya mtihani, wakakubaliwa waubakize. Sawa kabisa. Msemo umepata mwenyewe.

Ya pili ni ya sigana. Mara moja kila muhula mwanafunzi analeta hadithi kutoka kwa mzee wa nyumbani. Upande ule wa ziwa hawakosi Nyamgondho, yule mvuvi maskini aliyevua mwanamke mzee, akatajirika kwa ng'ombe, akalewa na kumtukana, na mali yote ikamfuata yule mama kurudi ziwani. Wengine wanaleta Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na Kendu Bay, wanaposema kijiji kilizama kwa kumnyima mgeni ukarimu. Mtoto kutoka upande wa Kuria huleta ya kwao. Anaisimulia kwanza kwa mdomo, kwa lugha anayoiweza, Kiswahili kikiwa daraja darasani wasioelewana. Ndipo anaiandika kwa Kiingereza. Mwalimu hasahihishi yote. Anasahihisha aya moja aliyoichagua mwanafunzi mwenyewe, nyingine zinasomwa na wenzake. Hilo ndilo jibu lake kwa swali la madaftari 60.

Je, alama? Hapa sitamdanganya msomaji. Muhula ule alioanza, darasa lake lilishuka katika mtihani wa kununua. Aliitwa ofisini. Aliniambia alisimama mbele ya mkuu wake hana la kusema, kwa sababu karatasi ya matokeo haina safu ya watoto walioanza kubishana juu ya maneno. Muhula uliofuata walipanda kidogo upande wa ufahamu. Insha bado. Anaendelea, lakini anaendelea peke yake, na mwalimu wa peke yake huchoka.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wanaotunga mitihani ile ya muhula na miongozo yake, na kwa wakuu wa shule wanaoinunua. Toeni safu ya kuhesabu misemo. Wekeni swali moja tu katika kila ufahamu ambalo jibu lake halinakiliki. Na kwa wazazi: mtoto akileta insha nyumbani, msimwulize ametumia idioms ngapi. Mwulizeni ilikuwaje.

Nilirudi Mbita kabla ya kusafiri. Nilimwomba mwalimu yule, kama hatajali, asome insha ya omena mbele ya darasa bila ya kumtaja mwandishi. Aliisoma vizuri, na alipofika penye "Koth biro" alilitamka kama linavyotamkwa ufuoni. Darasa lilitulia. Msichana mmoja alijifunika uso kwa daftari, kila mtu akajua ni yeye. Alipomaliza, yule mvulana wa ajali ya ndoto aliinua mkono.

"Mwalimu, halafu zile omena zilikauka?"

Mwaka mzima, mwalimu aliniambia baadaye, hakuwahi kusikia mwanafunzi akiuliza swali kuhusu kitu kilichosomwa bila ya kuamriwa. Kiwango cha msichana hakukibadilisha kwa kuwa alama zilikuwa zimeshapelekwa. Lakini alichukua kalamu, akakata ule mstari aliouandika kwamba omena si viatu, na chini yake akaandika lile swali la mvulana, amjibu katika insha ijayo.